Neno la Siri ni Jina la Mama Mkwe

Taarifa ya habari ya kijiwe chetu cha Mkuyuni husomwa na VAR, na huwa haisubiri kahawa imiminwe. Jumamosi ile alifika anahema, akatupa begi lake la kushonea viatu chini, akasimama juu ya jiwe kama anagombea udiwani.

"Wananchi! Masele kanunua runinga!"

"Runinga si habari," nikamwambia. "Hata mimi ninayo."

"Nahodha, yako ina kisogo. Ukiitazama kwa ubavu unaona mjamzito. Ya Masele ni bapa, inchi hamsini na tano! Jana jioni imepandishwa mawe na vijana wanne, na wa tano yuko mbele kazi yake kusema 'pisha, pisha'. Mimi nilidhani ni msiba, nikavua kofia."

Hapa kijiweni wananiita Nahodha. Nilifunga kamba za kivuko pale Busisi miaka ishirini na mbili, na tangu daraja lianze kupitisha magari nina muda mwingi wa kukaa na kukasirika. Usukani sikuwahi kuushika, lakini jina nimepewa bure na sijalikataa. VAR jina lake ni Kashindye, fundi viatu. Tunamwita VAR kwa sababu hakuna neno linalopita hapa bila yeye kulirudisha nyuma na kulikagua.

"Runinga hiyo ni janja," akasema Injinia, huku anapuliza kikombe. "Haitaki ungo wala antena. Inakula waifai."

Injinia ni Kahigwa, Mhaya wetu wa kijiwe. Aliwahi kusoma ufundi redio kwa njia ya posta, na cheti chake bado kiko njiani.

"Inakula nini?"

"Waifai. Intaneti ya hewani. Inatoka kwenye kile kidude chenye masikio mawili alichofungiwa Masele na shemeji yake wiki iliyopita."

"Kumbe kile!" Paskazia, mwenye birika na kashata zake, akashika kiuno. "Mke wa Masele kakivalisha kitambaa cha kufuma, kakiweka juu ya kabati la vyombo. Mimi nilijua ni sanamu ya mtakatifu. Nilipiga ishara ya msalaba, jamani!"

Tulikuwa hatujamaliza kucheka akatokea Masele mwenyewe. Masele ni mchuuzi wa mchele, anautoa Magu anauuza mjini, ni pande la mtu na mwendo wake ni wa taratibu. Nyumba yake iko hapo juu, hatua arobaini kutoka jiwe letu. Siku hiyo alishuka hatua hizo arobaini kwa kumi, suruali ya suti, ndala miguuni, rimoti mkononi.

"Mwangaluka, wazee."

"Mwangaluka! Hongera kwa runinga!"

"Msinipongeze. Nimekwisha."

Akakaa. Paskazia akampa kahawa bila kuulizwa, maana uso ule ulikuwa uso wa kupewa kitu.

"Mnajua leo ni nini," akaanza.

"Mahafali ya Precious," nikasema. Kijiwe kizima tulijua. Binti yake wa kwanza alikuwa anatunukiwa udaktari wa tiba huko Dar es Salaam, saa nne kamili, na chuo kilisema kitaonyesha mubashara mtandaoni. Kadi za wageni zilikuwa mbili tu. Moja alichukua mama yake, Leonsia, ya pili akachukua mjomba mtu, Alexander.

"Sasa mama mkwe wangu yuko hapo ndani," Masele akasema, sauti ikashuka. "Kaja na meli ya Bukoba juzi. Ndiyo mara yake ya kwanza kukanyaga kwangu tangu nioe. Mara ya kwanza, miaka ishirini na saba!"

"Heshima hiyo," nikasema.

"Ni heshima, na ni mtihani. Siku ya mahari, Nahodha, mama huyu alisema mbele ya ukoo wote: 'Binti yangu anapelekwa kupepeta mpunga, na wajukuu zangu shule watakuwa wanaisikia kwa jirani.' Mimi sikujibu. Mkwe hajibu. Nilisema moyoni, ipo siku nitamjibu kwa kitu atakachokiona kwa macho yake. Siku yenyewe ni leo! Na macho yake yana ukungu, kwenye simu haoni kitu. Ndiyo maana nikanunua lile liukuta. Nimemwahidi: Mama, utamwona mjukuu wako mkubwa kama mlango."

"Sasa tatizo liko wapi?"

"Limegoma kuungana. Linataka paswedi."

"Nywila," Injinia akasahihisha.

"Injinia, nina nusu saa. Liite hata ugali."

Akatoa simu yake. Masele ana kitochi, anasema simu za kupapasa zinakufa na vumbi la ghalani. Akamnyooshea VAR asome ujumbe uliotumwa na Alexander usiku.

VAR akasoma kwa sauti ya mtangazaji: "'Shem, paswedi ya waifai ni jina la mama, majina yote mawili, yaungane bila nafasi, kila moja lianze na herufi kubwa, halafu mwaka aliozaliwa. Rahisi kukumbuka.'"

"Rahisi kukumbuka!" Masele akarudia kwa uchungu.

"Aa, nimeelewa," nikasema. Na kila mtu pale alielewa. Kwetu Usukumani, na kwao Uhayani vilevile, mwanaume hamtaji mama mkwe wake kwa jina. Utasema Mama, utasema Mama fulani, utapiga magoti ukipenda, lakini jina lake halipiti kinywani mwako.

VAR akaruka. "Subirini, turudishe nyuma tuangalie! Kutaja ni nini? Ni mdomo. Sasa huyu anabonyeza rimoti. Mdomo umefunguka? Haujafunguka. Si faulo, mpira uendelee!"

"Ni faulo," akasema Injinia. "Kidole kinachobonyeza jina la mama mkwe nacho kinasema. Kwetu faini ya hapo ni mbuzi."

"Nyie Wahaya kila kitu mbuzi."

"Na nyie Wasukuma kila kitu mpira. Halafu litatokea kwenye kioo cha inchi hamsini na tano! Mama mkwe amekaa hapo mbele anaona jina lake limeandikwa na mkwe, herufi moja kama tofali!"

"Inaweka nyota," VAR akasema. "Paswedi haionekani, zinatokea nyota tu."

"Nywila."

"Kelele!" Paskazia akapiga birika kwa kijiko. "Wanaume bwana. Baba Precious, mimi si mkwe wa mtu pale. Ninong'oneze hilo jina, nipande nikaandike, nishuke. Kazi ya dakika mbili."

Kila mtu akaona hiyo ndiyo akili. Tukamgeukia Masele. Masele akatazama ndala zake.

"Silijui," akasema.

"Hulijui nini?"

"Jina. Silijui."

Kahawa yangu yote ikaishia kwenye suruali, na ilikuwa ya moto, lakini sikusimama.

"Masele! Miaka ishirini na saba?"

"Ningelijulia wapi? Siku ya posa alitambulishwa 'mama wa binti'. Kadi ya harusi iliandikwa 'Bwana na Bibi Mutalemwa', hilo la mumewe. Mke wangu anamwita Ma. Watoto wanamwita Bibi, na waliobaki wako bweni. Dunia nzima inamwita Mama Alexander. Kwenye simu nimeandika 'Mama Mkwe'. Nikajitahidi kumheshimu, ndugu zangu, nikamheshimu mpaka nikapitiliza!"

VAR alikuwa anagaagaa chini kwa kicheko. Hapo mimi nikachukia, maana mtu mzima alikuwa anaumia mbele yetu.

"Kashindye, hebu inuka. Wako wewe anaitwa nani?"

"Nani?"

"Mama mkwe wako."

VAR akajifuta vumbi. "Si... Mama Shigela."

"Hilo ni la shemeji yako. La kwake?"

Akakuna kichwa. Tukamtazama Injinia. Injinia akasema wa kwake ni mama mtu mzima na hapendi kuzungumzwa vijiweni. Paskazia akanigeukia mimi. Mimi nikatazama ziwa, kulikuwa na mtumbwi mmoja unapita na niliona ni vizuri niuhesabu.

"Mpigie mke wako," nikasema upesi.

"Nimempigia mara kumi na tatu. Ukumbini wameambiwa wazime simu. Leonsia namjua, akiambiwa zima anazima na kutoa laini. Na Alexander kakaa kiti cha pembeni yake, unadhani kamwachia asizime?"

"Basi tutumie bando langu!" VAR akasema. "Nawasha simu yangu, runinga inanyonya kwangu. Nina jibii moja na nusu, nilinunua usiku."

Akachomoka, akapanda mawe na Masele nyuma yake. Tulimsikia huko juu akisema "Hodi, shikamoo Mama." Walirudi kabla Paskazia hajamaliza kusuuza vikombe. VAR alishika simu yake kwa mikono miwili.

"Imekufa?" nikauliza.

"Bando. Runinga iliungana vizuri, ikasema karibu, ikasema kabla ya yote naomba nijisasishe. Nikaona ni adabu. Dakika nne imemeza jibii moja na nusu, haijaonyesha hata nzi! Ile si runinga, ni mgeni anayefikia jikoni."

"Na saa?"

"Tatu na dakika arobaini," akasema Masele. Jasho lilikuwa linashuka kwenye kola ya shati jeupe. "Mama ameshakaa kwenye kochi. Kavaa gomesi ya sherehe. Ameuliza, 'Bado?' Nimesema, 'Inapata moto, Mama.'"

Injinia akaweka kikombe chini. Alikuwa amesubiri nafasi hii tangu posta impotezee cheti. "Sikilizeni mtaalamu. Kile kidude cha masikio kina kitundu nyuma. Unachomeka sindano, unahesabu mpaka kumi, kinasahau kila kitu, pamoja na nywila."

"Halafu?"

"Halafu unakifundisha upya."

"Nani anakifundisha?"

Injinia akafikiri. "Yule aliyekifunga."

"Aliye Dar, simu imezimwa."

"Mimi nimetoa nusu ya kwanza ya elimu, ya pili imo kwenye kitabu kilichobaki posta."

"Tuma hela!" Paskazia akapiga kelele ghafla, mpaka kuku wa jirani wakatawanyika. "Mtumie mama mkwe wako elfu moja kwa simu! Kabla hujathibitisha si linatokea jina la mwenye laini? Lote, na ukoo!"

Kijiwe kikalipuka. VAR alimbusu Paskazia mkono. Masele akaanza kubonyeza kitochi kile, namba, kiasi, namba ya siri, na sisi vichwa vyote vinne juu yake. Ujumbe ukaja.

"Soma wewe, Paskazia," Masele akasema, akafumba macho. "Mimi sitakiwi kuliona."

Paskazia akasoma. Akarudia kimoyomoyo. "Linasema Alexander Mutalemwa."

"Alexander?"

"Laini kasajili mtoto wake."

"Mayo!" Masele akashika kichwa.

"Kitambulisho chake," nikasema. "Lazima kiko kwenye mkoba."

"Mkoba uko chumbani anakolala. Nahodha, unaniambia niingie chumba anacholala mama mkwe wangu, nipekue mkoba? Bora unitose pale Busisi na jiwe shingoni."

"Lakini ngoja," VAR akamgeukia Injinia. "Mzee baba, wewe si wa huko huko? Huyu mama si alikuwa mwalimu kule kwenu?"

Injinia akakohoa. "Alinifundisha. Darasa la tatu mpaka la tano."

"Na umekaa kimya muda wote! Alikuwa anaitwa nani?"

"Mwalimu."

"Mwalimu nani?"

"Mwalimu wa Hesabu." Akaona tunavyomtazama. "Ninyi hamumjui! Yule mama alikuwa anaingia darasani hata inzi wanakaa kwa mstari. Nani angemuuliza jina?"

Basi tukabaki na njia moja, ya kizamani. Paskazia alichukua vikombe viwili na kashata nne, akajifunga kanga upya, akapanda kwenda kumpa mgeni kahawa na kumchota maneno. Masele alisimama, akakaa, akasimama. Mimi nilimwambia atulie, naye akaniambia neno ambalo sikulitegemea kwa mtu mwenye mwili ule.

"Nahodha, nitalia. Mwanangu anaitwa mbele za watu leo. Nimebeba magunia miaka ishirini kwa ajili ya leo. Na bibi yake atakuwa ameangalia ukuta mweusi nyumbani kwangu, aje kusema aliyosema alisema kweli."

Nikamshika bega.

Paskazia alirudi mbio, vikombe vinagongana.

"Nimemuuliza. Nikasema, 'Mama karibu Mkuyuni, mimi naitwa Paskazia, sijui mwenzangu unaitwa nani?' Kasema, 'Mama Alexander.' Nikasema, 'Hilo la uzazi, mimi naulizia la ubatizo.' Akashusha miwani, akaniangalia hivi. Kasema, 'Anayetaka kujua ni wewe au kuna aliyekutuma?'"

"Ukasemaje?"

"Nikasema ni mimi."

"Safi. Akasemaje?"

"Kasema, 'Mbona umegeuka kuangalia dirishani?' Halafu kainuka. Anakuja huyo nyuma yangu."

Kweli alikuwa anakuja. Bibi mrefu, gomesi ya zambarau, anashuka mawe yale bila kushika kitu, na sisi wazawa huwa tunashika. Tukasimama wote kwa pamoja. Masele akarudi nyuma ya jiwe, akachuchumaa, akaangalia chini kama mila inavyotaka.

"Shikamoo, Mama!"

"Marahaba. Nani kati yenu anataka jina langu?"

Hata VAR hakuomba marudio. Yule mama akapitisha macho kwetu mmoja mmoja, pole pole, yakafika kwa Injinia yakasimama.

"Wewe. Si Kahigwa wewe? Uliyekuwa unakaa nyuma karibu na mlango?"

"Ndiyo, Mwalimu." Mzee wa miaka hamsini na mitano, mikono nyuma, kifua mbele!

"Eleza."

Injinia alieleza kila kitu. Waifai, ujumbe, sindano, bando, elfu moja, mpaka na mama mkwe wake yeye mwenyewe ambaye hakuna aliyemuuliza. Alivyomaliza, Mama akamgeukia Masele kule nyuma ya jiwe.

"Baba," akasema. Wahaya huwaita hivyo wakwe zao. "Miaka ishirini na saba mchele wa Magu unanifikia kila Krismasi. Kwenye gunia kumeandikwa 'Kwa Mama Alexander', wino mzito. Na wewe hujui unamtumia nani?"

"Nisamehe, Mama." Masele alisema na jiwe. "Niliogopa kukuvunjia heshima. Kutaja nilikatazwa, kuuliza nikaona aibu. Mwaka wa kwanza ningeuliza. Mwaka wa kumi ningeulizaje?"

Mama akatazama ziwa, akatazama nyumba.

"Siku ya mahari nilisema neno baya juu yako," akasema. "Nilidhani umelisahau, maana hukujibu. Nimepanda meli kuja kulifuta neno lile mbele ya mtoto akiitwa daktari, ndani ya nyumba yako, ili ulione likifutwa. Sasa tutasimama hapa kuzungumzia mila mpaka mtoto apite? Saa ngapi?"

"Nne kasoro nane!" tukaitikia kama darasa.

"Leteni hiyo rimoti."

Tukapanda wote. Sebuleni ile runinga ilikuwa imechukua ukuta, nyeusi, na kibao cha herufi kinasubiri. Yule mama aliketi kochini, VAR akamwonyesha vibonyezo vya kulia, kushoto na cha kati, akashika mara moja.

"Geukeni ukutani wote. Kahigwa, na wewe."

Tukageuka. Masele alikuwa jikoni, mgongo mlangoni, na bado akafumba macho. Tukasikia ti, ti, ti, ti. Kwa muda mrefu, maana ni majina mawili. Halafu runinga ikatoa mlio wa kukataa.

"Inasema si sahihi," VAR akachungulia.

"Nani kakwambia ugeuke? Ngoja nianze upya, la ubatizo liwe nyuma." Ti, ti, ti, ti. Mlio uleule.

"Labda la ukoo," nikasema na ukuta.

Ti, ti, ti. Mlio.

Saa ya ukutani ilibakiza dakika tatu kufika saa nne. Hakuna aliyekuwa anacheka tena. Jikoni Masele alikuwa anaomba, kwa Kisukuma na kwa sauti. Mama aliiweka rimoti pajani. Niligeuka bila ruhusa, nikamwona ameukazia macho ule mstari mtupu.

"Alexander," akasema taratibu. "Alexander, mwanangu. Alipochaguliwa kidato cha kwanza alijaza fomu mwenyewe. Penye jina la mama, nilikifuta alichoandika kwa kalamu nyekundu, nikaandika langu. Nilimchapa. Niliamini ameelewa."

Akainua rimoti. Hakutuambia tugeuke tena, kwa hiyo tuliziona herufi alizokuwa anaziruka na alizokuwa anazibonyeza, moja moja. M. A. M. A. Halafu A kubwa, halafu L, halafu E.

"Hapana!" akanong'ona VAR.

MamaAlexander, na mwaka aliozaliwa.

Kiduara kikazunguka. Kikazunguka. Kikasimama, na runinga ikaandika kwamba imeunganishwa.

Tulipiga kelele mpaka kitambaa cha kufuma kikaanguka kabatini. Yule mama hakupiga kelele. Alikuwa anacheka huku machozi yanapita chini ya miwani, anatikisa kichwa. "Mwanangu wa kumzaa! Ana digrii mbili! Jina la mama yake kwake ni jina lake yeye!"

"Masele!" nikaita. "Njoo, limewaka!"

Akaja mpaka kizingitini, asivuke. Ukumbi ulikuwa umejaa majoho, mkubwa wa chuo anasoma majina na vijana wanapita. Tulisubiri majina mengi, mimi nimesimama kwa mguu mmoja na sijui kwa nini. Halafu likasomwa: Precious Masele. Binti akatokea, mrefu kama bibi yake na mpana wa mabega kama baba yake, ukuta mzima ni yeye. Akapiga goti, akavalishwa kofia.

Mama akainuka kutoka kwenye kochi, akasimama wima. "Namwona," akasema. "Baba, namwona mpaka hereni. Lile neno langu limefutika, na mashahidi ni hawa."

Masele akalia hapo hapo mlangoni, wazi wazi, pande lile la mtu. Paskazia akampa ncha ya kanga. Mimi mwenyewe nilikuwa na kitu kwenye jicho, vumbi la Mkuyuni linajulikana.

Majina yakaendelea kusomwa. Yule mama alisikiliza mengine matatu, manne, kila mmoja anaitwa kwa jina lote na watu wanampigia makofi. Akapunguza sauti kwa rimoti, akatugeukia.

"Leo watu wanaitwa kwa majina yao," akasema. "Na mimi ninalo. Nilipewa, nikabatizwa nalo, nikaliandika ubaoni miaka thelathini na nne na likafutwa na dasta. Simameni vizuri mlisikie, mkirudi kijiweni msije mkasema hamkuambiwa. Mimi naitwa Anjelista Kokugonza!"

Tukampigia makofi ya ukumbini, Injinia kuliko wote. Nikageuka nimpongeze mkwe.

Kizingiti kilikuwa kitupu. Ndala moja ilibaki jikoni, nyingine uani. Nikatoka nje nikachungulia. Masele alikuwa ameshafika chini kwenye jiwe letu, peke yake, suti na miguu mitupu, vidole viwili vimezama masikioni mpaka kwenye maungio. Aliponiona akapaza sauti, wilaya nzima ikasikia:

"Nahodha! Ameshamaliza?"